Mhandisi Jecinta Kavata, Aliyekataa Kutia Sahihi

Tarehe 30 Aprili 2009, Mhandisi Jecinta Kavata anastaafu baada ya miaka ishirini na miwili katika Idara ya Upepo, hapa ofisini Al Garhoud, kwenye joto la jangwa. Anaondoka kwa sababu kanuni za kampuni zinasema umri umefika. Yeye mwenyewe bado anabisha.

Alikuja kutoka Kenya kupima upepo unaosumbua minara ya maghorofa, na ndiye pekee aliyevaa sweta mwezi wa Julai kwa kuchukia kiyoyozi. Ndiyo maana tulicheka sana mwaka 2003 aliposema anakwenda Antaktika.

Kampuni moja ya meli, mteja wetu, ilitaka kupakua mafuta ya kituo cha utafiti cha huko kwenye ghuba yenye barafu laini kama kioo. Hesabu zetu zilichukulia kwamba pwani nzima ina uso wa aina moja. Jecinta akagoma. Kwenye matuta ya barafu, alieleza, upepo unakwaruzwa na kupungua kasi; kwenye barafu laini hauna cha kuushika.

"Yalla, Jecinta, barafu ni barafu. Tia sahihi ripoti," alisema mkurugenzi wetu, Bwana Ghanim.

"Nikishapima, sir."

Akachukua likizo yake ya mwaka na, kwa ruhusa ya nahodha, akapanda meli ya mteja huyohuyo. Huko dhoruba iliangusha mlingoti wake wa vipima upepo. Mabaharia wakamwambia khalas, imetosha, arudi melini. Aliusimamisha upya, akaumwagia maji chini mpaka yakaganda kama saruji. Vipimo vikaonyesha kuwa upepo wa ghubani unakaribia mara mbili ya ule wa kwenye matuta.

Mteja hakutaka kusikia. Alivunja mkataba akatafuta washauri wengine, na Jecinta akahamishiwa meza ya kuhakiki ripoti za wenzake. Alikaa pale kichwa juu, na nyingi alizirudisha, zangu zikiwemo.

Msimu uliofuata upepo ukaangusha kreni kwenye ghuba ile. Tunashukuru hakufa mtu. Mteja akarudi, akimtaka Jecinta kwa jina. Bwana Ghanim alimfuata mwenyewe mezani, kikombe cha chai mkononi. Jecinta alikubali kwa sharti moja: ripoti isitiwe sahihi kabla uso wa mahali penyewe haujapimwa. Leo hiyo ndiyo kanuni yetu, iwe ni pwani ya barafu au milima ya Hatta hapa jirani.

Mhandisi, asante kwa kutufundisha kukataa bila kupaza sauti. Fika nyumbani Mwingi salama. Tunakuombea afya, usingizi mnono, na majirani wanaopenda ubishi.

Shem, Idara ya Upepo