Genoveva na Mvua ya Risasi

Mwaka ule wa tisini na tisa, pale Benako, kwenye njia panda ya malori yaendayo mpakani Rusumo, Pancras alikuwa na kibanda cha kutengeneza baiskeli, na mbele ya kibanda kulikuwa na benchi la mbao za mkaratusi. Rozina aliweka jiko lake la kahawa hapo pembeni, na kuanzia alasiri wenye benchi walifika mmoja mmoja, kila mtu na jina lake la kijiweni. Ildefonce aliitwa Redio, kwa kuwa habari ikimfikia haikulala. Frednand aliitwa Forodha, maana aliwahi kuwa wakala wa kutoa mizigo Rusumo mpaka akafukuzwa, na sababu ya kufukuzwa ilibadilika kila alipoisimulia. Ngassa, Msukuma wa Shinyanga aliyeuza dawa za ng'ombe, aliitwa Daktari, na ulimi wake uligeuza kila r kuwa l. Pancras mwenyewe walimwita Mwenyekiti, kwa sababu benchi lilikuwa lake. Hapo walishajadili vita vya ng'ambo zote mbili za mpaka, kambi ya Lukole na wakimbizi wake, mahindi ya msaada na bei ya ndizi. Lakini tangu Bulugu, mwenye banda la biashara pale sokoni, ashushe kwenye lori kabati moja kubwa la kucheza gemu, lenye kioo usoni, kishikio chekundu na maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma, mazungumzo mengine yote yalikufa.

— Jana banda la Bulugu nusura lianguke kwa makelele, Redio alianza, huku akipuliza kikombe chake. Shemeji kakifikisha kile kindege mpaka kwenye limeli la vita la mwisho! Risasi zinamwagika kama kumbikumbi, na yeye anapita tu katikati.

— Shemeji gani? Pancras akauliza.

Redio akapiga funda la kahawa kabla haijapoa, macho yakamtoka.

— Aa... si unajua, Mwenyekiti. Mashemeji ni wengi.

— Nimekuuliza, shemeji gani?

Forodha akageukia lori lililokuwa likipita. Daktari akaanza kufunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba. Ni Rozina aliyejibu, akiwa ameinamia birika, kwa sauti ya mtu anayetaja jambo ambalo soko zima limeshalizoea.

— Genoveva, Mwenyekiti. Mkeo.

Pancras alijua kwamba mkewe alipitisha sinia lake la karanga bandani kwa Bulugu. Pale palikuwa na wanunuzi. Hakujua kwamba sinia huwekwa chini. Akajaribu kumpata mkewe akilini, mikono yake kwenye kishikio kile chekundu na watu wamemzunguka wakipiga kelele, akashindwa. Genoveva wa nyumbani alikuwa mtu mwingine. Tangu masika, homa ilipomchukua Teddy, binti yao wa pekee, Genoveva alipika, akatenga sahani, akalala ameelekea ukutani. Hakulia mbele ya mumewe wala hakucheka. Pancras naye alikuwa ameacha kumwita Mama Teddy. Akawa anasema "wewe", na siku nyingine alikohoa tu ili ageuke.

Usiku ule hakumwambia neno. Kesho yake mchana alifunga kibanda, akaenda kwa Bulugu.

Jenereta lilinguruma nyuma ya banda. Ndani watu walibanana kama kwenye foleni ya maji, wote wameelekea upande mmoja. Pancras akasimama mlangoni, akachungulia juu ya mabega. Kwenye kioo, kindege kidogo cha buluu kilikuwa chini kabisa, na kutoka juu dude kubwa la chuma lilikuwa linafungua matumbo yake na kumwaga risasi za rangi ya waridi. Hazikuja moja moja. Zilichanua kama maua, zikajipanga duara ndani ya duara, zikateremka polepole mpaka kioo kizima kikajaa. Pancras aliona wazi kwamba pale hapakuwa na pa kupita. Kindege kikasogea kidogo, upana wa ukucha, kikatulia, kikasogea tena, na duara zile zikakipita pande zote bila kukigusa.

Aliyeshika kishikio alikuwa Genoveva. Ushungi ulikuwa umemshuka mabegani. Kando yake alisimama kijana mrefu aliyevaa shati la msaada lililomwishia juu ya kiuno, Mrundi wa kambini aliyejulikana kwa jina la Minani. Alikuwa ameinama, mdomo wake karibu na sikio la mke wa mtu.

— Buhoro, Mama Teddy, Minani alisema. Buhoro, polepole. Usikimbie. Pita hapo, hapo hapo.

Pancras alihisi kama mtu ameingia kifuani mwake bila hodi, akachukua kitu na kuondoka nacho. Jina lile! Jina ambalo yeye, mwenye mtoto, hakuweza kulitamka, lilikuwa linatoka kinywani mwa mtu baki, laini, kama vile halikuwa na uzito wowote. Na papo hapo limeli likapasuka, banda zima likapiga yowe, na Genoveva akacheka. Alicheka kwa mdomo wazi, kichwa nyuma, jinsi alivyokuwa akicheka walipokuwa wachumba kule kijijini Kirushya.

Pancras akageuka, akarudi benchini bila kutazama nyuma. Waliokuwa wamekaa waliusoma uso wake, wakamsogelea kama watu waendao kumpa pole mfiwa.

— Mimi nimeshaulizia habari za ile mashine, Redio alisema kwa upole. Si mchezo. Ni ya jeshi la huko ilikotoka. Walikuwa wanapimia marubani. Mtu akipita risasi zote, jina lake linakwenda makao makuu kwa mawimbi.

— Mawimbi yanatoka wapi, wakati haina hata waya wa antena? Forodha akamkatiza. Tatizo la ile mashine ni nyaraka. Mimi nimefanya kazi mpakani. Mzigo ukipita bila kukaguliwa, hujui umebeba nini. Nani alifungua lile kabati kwa nyuma? Hakuna. Basi ndani mnaweza kukuta mtu.

— Mtu? Redio akauliza.

— Mtu mfupi. Anayesukuma risasi.

— Acheni utani, Ngassa akasema. Bulugu ni ndugu yangu wa Shinyanga, namjua mpaka babu yake. Ile ni dawa ya biashala. Amefukia kitu chini ya sakafu, ndiyo maana watu hawatoki. Mimi nilipita balabalani tu, miguu ikageuka yenyewe.

— Ukaingia? Forodha akauliza.

— Nikaingia. Nikafa mala moja. Nikatoka na hasila.

Wangecheka siku nyingine. Lakini Pancras alikuwa anazungusha kikombe kitupu, akasema kwa sauti ndogo:

— Sitaki habari za mashine. Nataka kujua yule Mrundi anamfanya nini mke wangu.

Redio, ambaye hakuwahi kuvumilia kimya, akajikohoza.

— Mwenyekiti, usinikasirikie. Nilivyosikia mimi, mtu akicheza sana, moyo wake unahamia ndani ya kioo. Sasa mwili unarudi nyumbani, unapika, unafagia, lakini moyo umebaki kwenye kile kindege. Na Minani ndiye anayekiendesha banda likifungwa. Bulugu amemwajiri kufagia.

— Yaani jioni anabaki peke yake na moyo wa mke wa mtu! Forodha akasema, akashika kichwa.

— Umeona? Redio akadakia. Hata kisheria ni wizi.

— Mpeleke kwa mtendaji! Forodha akasema.

— Mtendaji gani? Twende tukalivunje lile kabati, Ngassa akasema, na kwa mara ya kwanza alionekana anaongea kwa dhati. Nina nyundo.

Pancras alikuwa ameshasimama. Baadaye alikiri kwamba nyundo angeichukua, na kwamba si kabati alilokuwa analifikiria. Lakini Rozina aliacha kumimina, akatazama barabarani, na wote wakatazama huko. Genoveva alikuwa anakuja, sinia la karanga kichwani, anatembea bila haraka. Wanawake wapita njia hawakuwa na kawaida ya kusimama mbele ya benchi lile. Yeye akasimama, akateremsha sinia.

— Nimekuona mlangoni, alimwambia mumewe.

— Kumbe unaona na watu? Nilidhani unaona risasi tu.

— Mbona hukuingia?

— Niingie nifanye nini? Mwalimu si unaye. Yule Mrundi ni nani kwako?

— Minani ananifundisha gemu.

— Na jina lile? Nani kampa ruhusa kukuita jina lile?

Genoveva alijifunga ushungi wake upya.

— Aliniuliza naitwa nani, nikamwambia. Akaniuliza Teddy yuko wapi, nikamwambia. Hakukohoa, hakuondoka. Wewe tangu masika hujaniuliza kitu, Pancras. Hata chumvi huulizi kama ipo.

Redio alitazama chini. Hii ilikuwa habari ambayo hakuitaka.

— Unataka kujua ninachofuata kule? Genoveva aliendelea. Risasi zikija nyingi vile, kichwani hakubaki nafasi. Huwezi kuwaza kitu kingine hata ukitaka. Napumzika. Na zikinipata, kindege kinapasuka, halafu palepale kinakuja kingine, kizima. Nyumbani hakuji kingine.

— Na yeye? Pancras akauliza. Wivu bado ulikuwa umemkaba, akataka jibu la kumchoma. Yeye aliyekimbia risasi za kweli kwao, anafuata nini kwenye risasi za kioo?

— Nilimuuliza. Alianza safari na wanawe wawili, akafika kwenye mto wa mpakani peke yake. Anasema risasi za kule hazionekani. Unasikia tu, na aliye pembeni yako ameshaanguka. Hizi anaziona. Zinakuja polepole, zina rangi, na kila mara kuna upenyo. Ukiukosa ni wewe hukuuona, si kwamba haukuwapo. Anasema hilo tu linamtosha.

Rozina alijifuta macho kwa upindo wa kitenge, akajifanya ni moshi wa jiko.

Forodha, aliyeamini kuwa kila kikao lazima kiwe na wa kukifunga, akainua kidole.

— Shemeji, tumekusikia. Lakini mwanamke mwenye nyumba yake kushinda kwenye mashine, mpaka jua linazama, haileti picha nzuri kwa jamii.

Genoveva akamtazama. Akamtazama na Redio, na Daktari, halafu mumewe mwisho. Hakuwa na hasira tena. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

— Na nyinyi, shemeji zangu, mnashinda hapa kila siku mpaka jua linazama. Huko kwenu mnakimbia nini?

Kidole cha Forodha kilibaki juu, lakini hakikupata cha kuonyesha. Redio, ambaye alikuwa na habari za Bujumbura, Kigali na Mwanza, hakuwa na habari hiyo. Ngassa alikumbuka kitu, maana uso ulimbadilika, akasukuma nyundo yake chini ya benchi kwa kisigino. Rozina alizungusha birika, lakini hakuna aliyenyoosha kikombe.

Pancras alimtwisha mkewe sinia. Kisha, bila kuwaaga wenzake, akafuatana naye, na hawakwenda nyumbani kwanza. Walirudi kwa Bulugu.

Minani alipowaona alisogea mbali na mashine mwenyewe.

— Amahoro, kaka, alimsalimu kwa Kirundi, akainamisha kichwa kidogo. Karibu ukae.

Pancras alimwitikia kwa shida. Akashika kishikio. Kindege chake kilipasuka kabla hajajua ni kipi. Cha pili kikapasuka, watu wakaangua kicheko, na masikio yakamwaka moto kwa sababu Minani alikuwa anaona. Alitaka kuondoka. Genoveva akaweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe, palepale mbele za watu.

— Unazitazama risasi, alisema. Usizitazame. Tazama pale pasipo na kitu.

Akajaribu. Mwanzoni aliona waridi tupu, kisha akaona njia nyembamba nyeusi ikifunguka, ikafungika, ikafunguka tena kando. Akasogea. Kwa muda mfupi, pengine pumzi chache, hakumfikiria Minani, wala benchi, wala kitanda kidogo kilichosimamishwa nyuma ya mlango wa chumba chao. Kisha akapasuka, vyote vikarudi kwa pamoja, vizito kuliko awali, akaelewa kwa nini watu hawatoki bandani mle.

Wivu haukumwisha. Walipotoka aligeuka kumtazama Minani akifagia maganda ya karanga, na moyo ukamchoma tena, maana yule kijana alikuwa amepewa bure maneno ambayo yeye sasa alipaswa kuyaomba.

Waliifuata barabara ya lami kuelekea nyumbani, jua likiwa bado juu ya vilima vya upande wa Rusumo. Walitembea mpaka soko likabaki nyuma. Ndipo Pancras akauliza, akitazama mbele:

— Asubuhi ile ya mwisho ya mtoto, mimi nilipokuwa nimetoka. Alikula kitu?

Genoveva alilishika sinia kichwani kwa mkono mmoja.

— Alikula nusu ndizi. Nusu nyingine akanipa, akasema nimwekee baba.

Pancras akasimama. Alisimama palepale katikati ya barabara, na lori lililokuwa linashuka kutoka mpakani likaanza kupiga honi, likapiga tena kwa nguvu, na yeye hakusikia chochote. Genoveva aliliacha sinia lianguke, karanga zikatawanyika kwenye lami, akamkamata mumewe kwa mikono yote miwili, akamvutia kwake mpaka majanini.