Pilchard Apumzika Matopeni

Baada ya miaka ishirini na miwili ya utumishi, Pilchard, meli yetu ya kivita ya mvuke, amestaafu rasmi leo, tarehe 31 Machi 1889, hapa Plymouth. Mimi, Silas Trewin, nimemchochelea makaa miaka kumi na tisa, kwa hiyo nikimsema ninayo haki.

Mwendo wake ulikuwa wa bata aliyeshiba. Katika mito ya China alikimbiza maharamia wengi akamkamata mmoja, naye alikuwa mgonjwa. Mzinga wake mkubwa ulilenga ngome ukavunja choo. Hata hivyo ngome ilisalimu amri, maana choo kilikuwa hicho kimoja tu.

Wakubwa wetu wanaupenda upepo na kuuchukia moshi, unawachafulia matanga. Basi upepo ukikohoa tu, amri inatoka: “Bomba chini, rafadha juu!” Bomba la moshi linashushwa, watu sitini wanavuta kamba, rafadha, yale mapanga ya nyuma yanayoisukuma meli kwa mvuke, inatolewa majini, matanga yanatwekwa. Siku moja tulilishusha bomba pamoja na soksi za mpishi wetu, Jabez Cundy, alizozianika hapo. Hajanisamehe mpaka leo.

Mapema mwezi huu ikaja barua: Pilchard auzwe kwa wakata vyuma ng'ambo ya bandari akavunjwe, na apelekwe kwa mvuke, si kwa matanga. Nililia, wala sioni haya kusema. Cundy akaniambia, “Lia, mzee, ila usinililie kwenye supu.” Naye macho yalikuwa mekundu, na siku hiyo hakukuwa na kitunguu melini.

Siku ya safari ilikuwa ya bamvua, maji yamejaa pomoni. Katikati ya bandari Nahodha Lethbridge akatamka: “Bomba chini, rafadha juu!” Watu sitini wakavuta bila kuuliza. Maji yakatuchukua taratibu hadi kwenye matope mbele ya hospitali ya wanamaji, tukakwama. Meli tatu zilimvuta siku nne, hakutikisika. Mnunuzi akayatazama yale matope, akaaga.

Sasa Pilchard amepewa kazi nyepesi: boila lake linachemsha maji ya kufulia mashuka ya wagonjwa. Mchocheaji ni mimi.

Katika ripoti yake Nahodha ameandika kwamba alishawishiwa na upepo mzuri wa magharibi. Amri ile ilipotoka, mimi nilikuwa nimepanda sitahani kuvuta kiko cha kumuaga bibi yetu Pilchard. Moshi wangu ulipanda wima.

Asante, Pilchard, kwa kuturudisha nyumbani kila mara, hata kwa kuchelewa. Ustaafu wako uwe wa raha, boila liwe moto, na soksi za Cundy zikauke salama.