Mianzi Iliyokunywa Maji ya Kreti

Leo, tarehe 30 Juni 2025, Mzee Romani Kaduma anastaafu. Ni miaka thelathini na sita tangu aondoke kwao Kilolo, mkoani Iringa, akiwa juu ya lori la mianzi, kuja kusuka matenga ya kuvunia zabibu katika shamba letu la Makutupora. Alikuja kwa msimu mmoja.

Kwa miaka ishirini zabibu zetu zote zilibebwa na matenga yake. Mwaka 2009 zikaletwa kreti za plastiki kwa majaribio, na wavunaji wakaanza kumtania kuwa sasa atasuka vizimba vya kuku. Yeye akaomba apewe kazi ya kulinganisha vifaa hivyo viwili. Sote tulidhani tunajua atakachosema.

Alisimama kikaoni akaeleza kwamba tenga ni jepesi, linapitisha hewa, na likikatika linasukwa tena. Kreti ikipasuka kwa jua haitengenezeki, wala haiozi. Lakini tenga hunywa maji ya zabibu, huchacha, huita nyigu, na vibanzi vyake hutoboa matunda. Kreti huoshwa ikatakata, tena hupangwa juu ya nyingine bila kuponda kitu. Zabibu za mvinyo, alihitimisha, ziende kwenye kreti.

Mama Editha, msimamizi wa mavuno, alishindwa kuvumilia. "Kaka Romani, ndiyo umejifukuza kazi hivyo?"

"Bado za kukausha, dada. Plastiki inazitoa jasho. Hizo ni zangu."

Basi akahamia kwenye vichanja vya kuanikia. Na kwa kuwa mianzi ya Iringa ilikuwa inachelewa kufika, alirudi kutoka likizo moja na mizizi ya mianzi hiyo ndani ya gunia bichi, akaipanda jirani na karo la kuoshea kreti, akachimba mfereji wa kuipelekea maji yake. Tulicheka: mianzi, katika ukame huu? Leo vichanja vyetu vyote vinatoka pale, na chini ya kivuli chake ndipo tunapolia chakula cha mchana.

Katika kuchanga zawadi tulimnunulia begi kubwa la safari. Alishukuru, akasema litafaa kuhifadhia mablanketi. Sisi wengine tuliotoka mbali tulipaswa kujua.

Mzee Romani, asante kwa mikono yako, na zaidi kwa ukweli wako siku ile. Tunakuombea afya na miaka mingi ya kivuli.

Nyumba yake iko ng'ambo ya mianzi. Kilolo hatarudi.