Historia ya Fundi Sikio, Aliyesikiliza Injini Zikiwa Baridi

Ndugu waombolezaji, familia imenipa mimi, dada yake marehemu, kazi ya kusoma historia hii, na bosi wake wa zamani ameniomba pale nje nisome kwa ufupi, nami nimemkaribisha akae mbele asikie vizuri.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kama Fundi Sikio, alizaliwa tarehe 9 Mei 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu baba yetu, dereva wa lori, na mama yetu huyu mnayemwona. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1982 na chuo cha ufundi mwaka 1986, akasifiwa kwa mikono yake na kulaumiwa kwa ubishi, maana akishasikia kitu hakukubali kuambiwa hakipo.

Januari 1987 aliajiriwa katika gereji ya bosi huyu, na huko ndiko alikopewa jina, kwa sababu gari likiletwa kwa ajili ya kelele hakuligusa siku hiyo, alitaka lilale pale pale hadi injini ipoe kabisa, asubuhi aliwashe mwenyewe. Alitueleza mara nyingi, hata tulipokuwa tunakula na hatujamuuliza, kwamba gari likilala oili inashuka, na kama kikaza cheni, kile kinachovuta cheni ya ndani ya injini isilegee, kimechoka, cheni inagonga kama misumari ndani ya kopo hadi oili ipande, kisha kimya, na mwenye gari anadhani ameota.

Mwaka 1994 alimwoa wifi yangu, mshonaji, aliyempata kwa kumwambia kwamba cherehani yake inalalamika, wakajaliwa mabinti wawili.

Machi 2009 mkunga mmoja alikuja kununua gari kwa bosi, akataka Fundi Sikio alisikilize kwanza, naye akaagiza lilale, lakini asubuhi bosi aliwahi, akaliwasha likapata moto, akalizima, akajifanya ndiyo kwanza anafika. Kaka yangu aliweka kiganja juu ya boneti, akamgeukia mkunga mbele ya watu wote, akasema, “Mama, usinunue, hili limepashwa moto ili lisikike zima.” Bosi alicheka, mkunga akamwamini mwenye gereji akalinunua, na cheni ilipokatika na injini kufa, bosi alitangaza mji mzima kwamba Fundi Sikio ndiye aliyeifungua na kuiacha imelegea, akamfukuza. Toka siku hiyo hakuna gereji iliyompokea, na aliyejijengea jina kwa miaka ishirini na zaidi alilipoteza kwa mdomo wa mtu mmoja aliyejua ukweli.

Mwaka 2020 mapafu yalianza kumsumbua, akawa wa kitandani, na dirisha lake linatazamana na geti la bosi, hivyo kila asubuhi alisikia gari jipya la bosi likiwashwa. Akatuambia, “Nendeni mkamwambie, cheni yake inagonga, itakatika akiwa njiani.” Wifi alishika kanga atoke, mimi nikamzuia, nikasema ataambiwa siku yake ikifika. Kaka alifariki Jumanne, tarehe 14 Juni 2022, akiwa bado anauliza kama tumeshakwenda.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, majirani mliopika na kukesha nasi, na mafundi wenzake, ambao asubuhi ile ya mkunga mliiona boneti ina moto mkainama kutafuta spana, nanyi asanteni kwa kuja.

Bosi, ujumbe wa marehemu nimeufikisha, mbele ya wateja wako wote waliokuja kuzika. Gari lako liko hapo nje tangu asubuhi, limeshapoa, na fundi wa kulitengeneza ndiye huyu tunayemzika. Utakapoliwasha, hakuna atakayepiga kelele hapa, ili sote tuisikie cheni ikigonga.

Kaka, wewe pumzika kwa amani, kusikiliza tuachie sisi.