Kanyamibwa Élie na Komande ya Mutamba Yenye Haijafutwa

Ba Papa, ba Mama, ba kaka na ba dada, na nyinyi wenye mulitoka Ngungu kwa miguu tangu jana, na nyinyi wenye mulipita matope ya Kibua, jamaa inawasalimia wote mu jina ya Bwana. Tunaomba kimya kidogo, mwenye iko na telefone aiweke mu mufuko, ba motari wa pikipiki muzime mashini, ba Mama wa jikoni muachilie masufuria kwa dakika chache, juu mwenye kusoma hii karatasi anasoma pole pole, na kidole ku mustari, na akipoteza mustari ataurudilia, mumuvumilie sawa vile marehemu mwenyewe alimuvumiliaka.

Papa Kanyamibwa Élie alizaliwa tarehe 11 mwezi wa ine mwaka wa 1968, pa Ngungu, ku kilima yenye kutazama soko, mutoto wa kwanza wa Mama Anastasie na bwana yake, balimaji ba viazi na maharagi. Nyuma yake kulizaliwa batoto wengine ine, na wenye walikomaa ni yeye na wa mwisho tu, Uwamwezi, mwenye alizaliwa mwaka wa 1984, njo huyu mwenye kusimama mbele yenu na karatasi.

Alisoma masomo ya msingi pa Ngungu tangu 1975 mupaka 1981, akapata certificat yake, na mwaka wenye kufuata baba yao akafariki, Élie akaacha masomo na akashika jembe, kijana wa miaka kumi na ine mwenye alijua kusoma, kuandika na hesabu, lakini namna ya kuuza na kununua hakuna mwalimu alikuwa amemufundisha, na hapo njo jeraha yake ilitokea.

Mwaka wa 1993 Mama Anastasie alikuwa na ngombe moja, jike ya rangi nyekundu yenye kuiva, aliiita Bihogo, na alitaka Uwamwezi, mwenye alikuwa na miaka tisa, aingie mu masomo. Akamupatia Élie kamba ya ngombe na akamuambia neno moja tu: Uza. Hakumuambia bei ya chini, hakumuambia kama soko ikiwa mbaya arudi, na Élie naye hakuuliza, alifikiri komande ya muzazi inafanywa siku ile ile. Ile siku habari ya vita ilitangulia mu soko, kila muntu alitaka kuuza na kukimbia, ngombe zilikuwa nyingi kuliko bantu wenye kununua, na kijana wetu akapatia kamba muntu wa kwanza mwenye alinyoosha mukono, Théoneste, muchungaji wa Kitshanga, kwa bei ya gunia moja ya maharagi na kitambaa. Kisha juma moja habari ikakuwa uongo, vilima vikatulia, bei ya ngombe ikarudi mahali yake, na mama mumoja wa soko akamucheka mbele ya bantu, akamuuliza: weye kijana, walikutuma kuuza ngombe ao kuifukuza? Mama Anastasie hakumugombeza, alisema kosa ni ya wote wawili, juu yeye alimutuma bila kumuambia mupaka, lakini Uwamwezi hakuingia mu masomo ule mwaka, wala wenye kufuata, alibakia kupitisha mbuzi chini ya madirisha ya kilasi, na Élie alimuona kila asubuhi.

Mwaka wa 1994 aliondoka na ngombe za bantu wengine, kwa miguu, akashuka mupaka Kibua mu Walikale, na kule akapata mwalimu wake, Mama Carmel, mwenye iko hapa na sisi ku kiti ya mbele na fimbo yake, muke wa muwindaji wa nyavu, na yeye mwenyewe komisionere, maana yake muntu mwenye bantu wa mbali wanatumia komande ya kununua ao kuuza, na yeye anaitimiza mu soko mahali yao. Mama Carmel akamutuma ngombe kumi na mbili za nyama. Élie akafika ku soko, akasimama katikati na akasema kwa sauti ya padri kama anatafuta ngombe kumi na mbili, na mbele hajanunua ya tatu bei ilikuwa imepanda kilima. Akarudi na ngombe tano na haya. Mama Carmel alicheka mupaka akakalia bidon ya mafuta, akamuambia kama muwindaji haendake kutangazia pori iko na nyavu ngapi, nyama ikisikia nyavu inageuza njia, na soko pia iko na masikio kama nyama.

Alibakia kwake miaka mbili, na alisemaka kama ile njo ilikuwa université yake. Kule alijifunza kama kuko komande ya sasa-sasa, yenye utapata kitu lakini soko njo itakuwekea bei, na kuko komande ya mupaka, yenye weye unaweka bei lakini unaweza kurudi mikono mitupu, na mwenye kutaka zote mbili siku moja anajidanganya. Alijifunza kukata komande kubwa vipande vidogo, ngombe mbili leo pa Ngungu, tatu kesho pa Kitshanga, moja ku kilima kwa muntu mwenye hajui kama iko mwenye kununua, ili bei isishituke. Alijifunza tena kusikiliza njia mbele ya kusikiliza bei, anauliza ba motari, anauliza ba Mama wenye kubeba mafuta ya mawese, daraja iko wapi, mvua ilinyesha wapi, juu Mama Carmel alimuambia kama bei ya soko haiko bei mupaka ngombe ifike, na ngombe yenye kufa mu matope ni bei gali kupita zote.

Mwaka wa 1996 alikuja kukaa hapa Kitshanga na kaye moja ya kuandikia na bic mbili, akaanza kazi yake mwenyewe. Mu ile kaye kila komande ilikuwa na saa ya kuipokea na saa ya kuifanya, na mwenye alitangulia kuandikwa alitangulia kutumikiwa, kwa hiyo bantu walimupatia jina ya Papa Saa Ngapi, na wengine walisema kama hata mukwe wake akimuita kula atauliza: ni ya sasa-sasa ao ya mupaka? Wenye walikuwa pale mwaka wa 2008 wanakumbuka mufanyabiashara mukubwa wa muji mwenye alikuja na komande ya ngombe makumi tatu, na mbele yake mu kaye kulikuwa mujane na mbuzi moja ya kuuza, na yule mukubwa akasema atalipa mara mbili ili mbuzi ingoje, Papa Élie akamuletea kiti, akamuambia: kaa, Papa, mbuzi ilifika saa mbili, weye ulifika saa tatu. Alikaa. Na alirudi tena miaka yote yenye ilifuata, juu alisema kama muntu mwenye hawezi kusukuma mujane atoke ku mustari, hawezi kumusukuma na yeye.

Na kila mara habari ya vita ilitangulia mu soko, alifunga kaye, aliikalia, na alisema leo soko iko na homa, muntu wa homa hatumwake. Hakuna muntu mwenye alimutuma kuuza mbele hajamuuliza kwanza: mupaka yako ni ngapi, na nikikosa, nirudi ao ningoje? Bantu walifikiri ni akili ya biashara, lakini wenye walijua Bihogo walijua ile swali inatoka wapi.

Tarehe 19 mwezi wa saba mwaka wa 1997, siku ya posho, yenye kutangulia siku ya Mungu, alifunga ndoa na Mama Libérata, mwenye anapenda kutuambia kama Élie alizunguka nyumba ya baba yake miezi ine akichunguza, mupaka yeye mwenyewe akatoka inje na akamuambia: kaka, hii komande ni ya sasa-sasa, kesho soko inafungwa. Mungu akawapatia batoto watatu, Émile mwaka wa 1999, Nicole mwaka wa 2002, na Twizeyimana mwaka wa 2006, na wote walisoma, hata mwaka wenye nyumba haikukuwa na mabati.

Mwaka wa 2021 munganga alimukuta na ugonjwa ya sukari. Mwaka wenye kufuata, mwezi wa tatu, alikuja kwa mudogo wake Uwamwezi, mwenye sasa alikuwa muzazi wa batoto ine, akamuletea kaye mupya na bic, akamuambia ku parokia walifungua kilasi ya kusomesha bantu wakubwa, aende. Uwamwezi akacheka, akasema miaka yake ni makumi tatu na munane, atakaa wapi, ku benchi ao ku magoti ya mwalimu? Élie hakucheka, alisema tu: nakuomba. Basi akaenda. Mwaka wa 2023 wakati sisi wote tulikimbia vita, Mama Libérata alibeba sufuria, Élie alibeba kaye ya komande mu mufuko ya plastiki, na Uwamwezi alifunga kitabu chake cha kusoma mu kitenge pamoja na chumvi, na mu kambi walisoma chini ya bâche ya plastiki, ba, be, bi, mupaka majirani wao pia wakajua.

Mu ile kambi macho ya Papa Élie ilianza kuharibika juu ya sukari, na wakati tulirudi mwaka wa 2024 hakuona tena maandiko yake mwenyewe. Hapo Uwamwezi akakuwa macho yake, kila asubuhi alimusomea kaye, silabi kwa silabi, jina, ngombe, mupaka, saa, na akikosea Élie alingoja, hakumusaidia haraka, alisema komande hii haiko ya sasa-sasa, songa pole pole. Kazi ya soko akaiachia Nizeyimana, mwanafunzi wake, na tarehe 12 mwezi wa saba mwaka huu Uwamwezi alipata brevet yake ya kusoma, Élie akaishika mu mikono, akaipapasa pande zote mbili, akauliza mahali jina imeandikwa, na akaweka kidole pale.

Mwezi wa tisa kidonda ya muguu ikamulaza mu hospitali, banganga walijikaza, na tarehe 6 mwezi wa kumi mwaka wa 2025, siku ya kwanza ya juma, Mama Libérata na Nicole wakiwa karibu naye, aliuliza ni saa ngapi, Nicole akamuambia saa ine ya asubuhi, akasema andika, na akapumua mara ya mwisho.

Siku ya pili Nizeyimana alikuja mu kilio na karatasi moja, akamupatia Uwamwezi, na Uwamwezi akaisoma peke yake, bila muntu wa kumuonyesha herufi. Iliandikwa hivi: Tarehe 2 mwezi wa kumi na mbili 2019, saa tatu. Kununua mutamba mumoja, jike yenye haijazaa, wa ukoo ya Bihogo ya Mama, mu kundi ya Théoneste. Feza ya bei iko kwa Nizeyimana, isipite hapo. Haiko sasa-sasa. Siku ya mwisho hakuna, mupaka miye mwenyewe niifute. Mutamba ni wa Uwamwezi, mudogo yangu, mahali ya masomo yenye nilimukosesha.

Miaka sita Théoneste, mwenye alinunua Bihogo na kulea bajukuu ba ile ngombe, alitaka bei kubwa kupita ile mupaka, na Papa Élie hakuwa na nyingine ya kuongeza, na hakutaka kumulilia Théoneste, alisema mupaka njo heshima ya wote wawili, alingoja. Mu jamaa kulikuwa wenye walisema tukunje ile karatasi, mwenye kutuma amekufa, komande imekufa naye. Mama Libérata akawajibu kama bwana yake alikuwa na mudomo ya kuifuta miaka sita yote na hakuifuta, basi nani mu hii nyumba iko na mudomo kupita yake? Karatasi ikabakia wazi. Na jana mangaribi Théoneste, muzee sasa, alituma muntu kusema kama leo atakuwa ku soko ya ngombe na mutamba, atangoja mupaka saa sita, kwa bei ile ya mupaka, na alisisitiza tuseme mbele ya bantu kama haiko musaada wala haiko machozi, bei ilikuwa pale tangu zamani, ni yeye njo alikawia kuifikia.

Kwa hiyo jamaa inashukuru banganga na bainfirmiers wenye walimufunga kidonda asubuhi na mangaribi, inashukuru majirani wenye walileta kuni, maji na viazi bila kuitwa, inashukuru mwalimu wa kilasi ya parokia, inashukuru ba komisionere wote wa Kitshanga, Ngungu na Kibua wenye walifunga kaye zao leo kwa heshima yake, na inakushukuru weye Mama Carmel, juu ya bidon ile na kicheko kile.

Tukishamulaza, Uwamwezi atatupa udongo wake wa kwanza na ataondoka, mumufungulie njia, musiseme amekimbia kilio, anaenda ku soko mbele ya saa sita. Atarudi mbele ya jua kuangukia na kamba mu mukono, atapitisha mutamba hapa ku kaburi, na ku ile karatasi ya 2019, mahali ya saa ya kuifanya yenye imebakia nyeupe, ataandika saa kwa mukono wake mwenyewe.

Kaka Élie, usiulize tena ni saa ngapi, saa ni sisi tunaichunga sasa, pumzika kwa amani.