Warigia Kang'ethe, Aliyepamba Biskuti Ruiru (1926–1959)

Ndugu na marafiki mliofika, mimi ni Gichuru, kaka yake marehemu. Nitasoma nilivyoandika. Nikikwama, mnivumilie.

Warigia Kang'ethe alizaliwa Mugutha, Ruiru, tarehe 11 Agosti 1926, binti wa marehemu Kang'ethe na Mama Wamboi, ambaye amekaa hapa mbele. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaacha mwaka wa 1940 baba alipofariki.

Mwaka wa 1944 aliajiriwa jikoni katika shamba moja la kahawa, Ruiru. Huko alijifunza kuoka biskuti za sukari na kuzipamba. Alipiga ute wa mayai na sukari laini mpaka ukasimama mweupe, akautia rangi, kisha akachora nao kwa koni ya karatasi. Krismasi moja aliwaletea watoto wa kanisa wanyama wote wa safina ya Nuhu, wawili wawili. Njiani shingo za twiga zilivunjika. Akawaambia, "Hawa wamelala, mvua imewachosha." Watoto wakala twiga huku wananong'ona, wasije wakawaamsha.

Tarehe 17 Aprili 1948 alifunga ndoa na Muigai, dereva wa trekta shambani humo. Binti yao Ngina alizaliwa Novemba 1949. Mwaka wa 1952 trekta ilimpindukia Muigai, akafa papo hapo.

Aprili 1954 askari waliingia jikoni na orodha ya majina. Warigia hakuwa amekula kiapo chochote cha wapiganaji wa msituni. Alimgeukia mke wa mwenye shamba, aliyemtumikia miaka kumi.

"Memsabu, waambie unanijua."

Memsabu alitazama sakafu. "Mimi najua kazi yake tu. Mengine sijui."

Alipelekwa kizuizini na aproni yake mwilini. Ngina alibaki na cucu yake, yaani mama yetu. Serikali ilituhamishia kijiji kipya, familia tatu kibanda kimoja, na Februari 1955 mtoto alishikwa na homa na kuhara, akafa. Tuliandika barua mbili. Hazikumfikia mama yake.

Warigia aliachiliwa Oktoba 1957. Alifika ameshika gauni aliloshona kambini, la msichana wa miaka minane. Akamwuliza mama, "Maitu, mtoto yuko shule?" Mimi ndiye niliyemjibu.

Mwezi uliofuata memsabu alimwita. Bintiye alikuwa anatimiza miaka minane, anataka biskuti za farasi. Tulimkataza Warigia, lakini alisema kukaa nyumbani kunamshinda.

"Ngina hajambo?" memsabu alimwuliza.

"Alikufa, memsabu."

Memsabu alilia. Kisha akapangusa macho, akauliza kama biskuti zitakuwa tayari Jumamosi.

Zilikuwa tayari, kila farasi na jina la mtoto aliyealikwa. Moja Warigia aliiandika Ngina. Memsabu akaiona. "Hii itawachanganya watoto. Ikwangue."

Warigia hakuikwangua. Alivua aproni, akaiacha mezani, akatembea kwa miguu mpaka kwangu Makongeni, hapa Thika. Hakuoka tena.

Mwaka wa 1958 daktari alisema ni kifua kikuu. Dawa alizimeza tukiwa tumemsimamia, tukigeuka, hazimezi. Nilimwambia, "Warigia, kunywa dawa upone."

"Nipone niende wapi, Gichuru?"



Alifariki Jumanne, tarehe 3 Machi 1959, saa nne asubuhi, nyumbani kwangu, akiwa na umri wa miaka thelathini na miwili.

Ameacha mama yake Wamboi, mimi kaka yake, na wifi yake Wangeci, mke wangu, aliyemuuguza. Mtoto hakuacha. Tulitaka kumlaza karibu na Ngina, tukatafuta kaburi siku mbili. Watoto waliokufa mwaka ule walizikwa pamoja, na pale mahali sasa pamelimwa mahindi. Ndiyo maana tunamlaza hapa peke yake. Mungu ampe pumziko ambalo sisi hatukuweza kumpa.