Basi la Watalii Linapiga Honi

NESI: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

FUNDI: Mimi, mama. Ni mimi.

NESI: Baba watoto! Hujambo? Mbona unatumia simu ya—

FUNDI: Sijambo. Yangu imekanyagwa. Hii ni ya mwongozaji wetu, yule bwana anayetutembeza mjini. Nimeiweka spika, sina mkono wa kuishika. Nisikilize, salio lake—

NESI: Redio inasema huko watu wanauana tangu asubuhi. Nimekupigia mara kumi na nane! Uko hotelini?

FUNDI: Niko kwenye duka la kinyozi, sakafuni. Hebu niambie, unesi wako umestaafu nao au unao bado?

NESI: Swali gani hilo?

FUNDI: Damu inatoka kama bomba limepasuka. Si yangu. Mama, si yangu! Usilie.

NESI: Nani analia? Ya nani?

FUNDI: Ya mwongozaji. Tulikuwa uwanjani tunaangalia ule mnara wa saa, ule niliokuonyesha kwenye kalenda. Maandamano yakatukuta palepale. Askari wakafyatua. Hawakufyatua juu, mama. Walilenga vifuani mwa watu. Mama mmoja mbele yangu alianguka na mfuko wake wa nyanya, na watu wakapita juu yake, na mimi pia nikapita.

NESI: Ee Mungu.

FUNDI: Dirisha la duka likapasuka, kioo kikamwingia mwongozaji pajani. Kirefu kama mkasi wangu mkubwa. Nikamburuta humu.

NESI: Na kioo kiko wapi?

FUNDI: Damu ni nyingi, mama.

NESI: Fundi. Kioo kiko wapi?

FUNDI: Nimekichomoa.

NESI: Umefanya nini?

FUNDI: Miaka arobaini na moja ya cherehani sijaacha pini ndani ya nguo ya mtu! Mkono umekwenda wenyewe. Kwanza unatoa pini, ndipo unasho—

NESI: Mtu si suruali! Hicho kioo ndicho kilichokuwa kimeziba!

FUNDI: Nilijua hivyo damu iliponipiga usoni.

(Mlipuko. Mtandao unakwaruza.)

NESI: Haloo! Haloo!

FUNDI: Nipo. Askari wanavunja duka moja baada ya jingine, wanatafuta waandamanaji. Bado wako mbali kidogo. Sema haraka.

NESI: Jeraha liko juu ya goti?

FUNDI: Juu zaidi. Pale ninapoanzia kupima mguu wa ndani.

NESI: Kwenye kinena. Basi hapafungiki kamba hapo. Kuna vitambaa?

FUNDI: Taulo tele. Kinyozi amekimbia, na mteja wake naye kakimbia na ndevu nusu.

NESI: Sokomeza taulo ndani ya jeraha. Ndani, usiliweke juu kama kiraka! Kwa vidole, mpaka pajae.

FUNDI: Anapiga kelele—

NESI: Mwache apige. Anayepiga kelele anapumua. Sasa kandamiza, mikono miwili, viwiko vinyooke, uzito wako wote. Hicho kitambi leo kina kazi.

FUNDI: Miaka yote hiyo unakisema.

NESI: Damu?

FUNDI: Hairuki tena. Inavuja.

NESI: Usiinue kuchungulia. Nakujua wewe, kila mshono lazima uugeuze uutazame.

(Honi ya gari.)

NESI: Hiyo honi ya nani?

FUNDI: Basi letu. La watalii. Limepenya mpaka hapa kona, wenzangu wote wameshapanda.

NESI: Mungu mkubwa! Mbebeni, mwingie!

FUNDI: Mtalii mwenzangu ananitafsiria kutoka dirishani: dereva hamtaki huyu. Kwenye kizuizi cha njiani askari wanashusha kila mwenye jeraha. Wanasema mwenye jeraha alikuwa kwenye maandamano. Dereva amewaona wawili wakilazwa kifudifudi barabarani, kisha lori likarudi nyuma li—

NESI: Basi! Usimalize.

FUNDI: Ananipa dakika tatu.

NESI: Nenda.

FUNDI: Na huyu je?

NESI: Huyu yuko kwao. Ndugu zake watakuja.

FUNDI: Watapita wapi? Mama, nikiinua mikono itakuwaje?

NESI: Haloo? Sikusikii. Mtandao mbaya.

FUNDI: Mtandao mzuri. Nasikia sufuria yako inavyochemka. Nikiinua mikono itakuwaje?

NESI: Damu itaganda. Huwa inaganda yenyewe. Inua, uende zako.

FUNDI: Hivyo ndivyo ungemwambia nesi mwanafunzi wodini?

NESI: Mimi siko wodini! Niko jikoni kwangu, huyo simjui na wewe nakujua!

(Honi ndefu. Milio ya risasi.)

NESI: Baba watoto, nakuomba. Una pasipoti, una mvi, hakuna atakayekugusa. Sijawahi kukuomba kitu.

FUNDI: Uliniomba nisije huku.

NESI: Na ukaja! "Nataka niuone mnara kwa macho yangu kabla hayajafumbwa." Haya, umeona. Sasa rudi.

FUNDI: Nimemfungua mimi, mama. Alikuja humu amezibwa, mimi nikamfungua kama gunia. Nijibu kama nesi. Dakika ngapi?

NESI: Mbili. Tatu, akiwa na moyo wa punda.

FUNDI: Basi umenijibu.

NESI: Sijakujibu! Nimekuambia ne—

FUNDI: (anapaza sauti) Nenda! Wee, dereva! Nenda, ondoa gari!

NESI: Usimwambie hivyo! Dereva! Dereva, msubiri mume wangu! Nisikie, dereva!

FUNDI: Hajui Kiswahili huyo, mama.

(Injini inanguruma, inafifia.)

NESI: Limeondoka?

FUNDI: Limeondoka. Mama? Upo? Nitukane basi.

NESI: Midomo yake ina rangi gani?

FUNDI: Kama majivu.

NESI: Vuta shuka lolote la kinyozi kwa mguu, umfunike. Asipate baridi. Mikono yako?

FUNDI: Imekufa ganzi. Sioni kama itafika mbali.

NESI: Ondoa mkono mmoja, weka goti palepale, kisha ondoa wa pili. Polepole. Mwili wote ushuke kwenye goti.

FUNDI: Goti lenyewe lina baridi yabisi.

NESI: Nitalikanda mimi ukirudi. Liweke.

FUNDI: Aah! ... Limekaa.

NESI: Damu?

FUNDI: Imesimama. Amenishika tai, anasema neno moja tu, lilelile. Nadhani anamwita mamake.

NESI: Mwitikie.

FUNDI: Nimwitikie vipi? Lugha yenyewe—

NESI: Mwitikie tu. Wanaitikia sauti, si maneno.

(Sauti ya mwanamke iliyorekodiwa inasema jambo kwa lugha ngeni.)

FUNDI: Huyo wa salio. Nadhani tunaishiwa.

NESI: Basi sikia. Nikipiga tena, nikalia, nikakuambia achia, usiachie. Umenisikia? Mimi mwenyewe nikikuapia, usiachie.

FUNDI: (ananong'ona) Wamefika duka la pili kutoka hapa.

NESI: Mzibe mdomo, taratibu. Pua usiizibe.

FUNDI: Nimemziba. Mlango wa bati haukushuka mpaka chini. Naona buti. Jozi nne.

NESI: Usizitazame. Tazama taulo. Damu inapenya?

FUNDI: Mama—

NESI: Inapenya?

FUNDI: Haipenyi. Mama, wanaliinua ba—

NESI: Kandamiza.

(Mlio wa simu iliyokatika.)

NESI: Kandamiza, mzee wangu. Haloo? Usiinuke. Kandamiza.